Chumvi ya Bure

Kazi yangu Gongoni ni kunyunyiza.
Chumvi hupita mbele yangu juu ya mkanda,
mbichi, ingali na jasho la bahari,
nami huinyeshea madini joto, mvua ndogo isiyo na rangi,
kabla haijatiwa pakitini kwenda bara
kwa watu wa milimani nisiowajua,
ambao shingo zao, twaambiwa, twazilinda.

Jumamosi msimamizi huturuhusu kuchota.
Si ile ya pakiti. Ile ya lundoni, ya mawe,
kabla ya mkanda, kabla ya mkono wangu.
Kilo mbili, bure.
Miaka sita nimeibeba hadi Muyeye
nikijiona mume.

Mbodze aliacha samaki kwa sababu ya pweza.
Alikuwa akiwaponda sokoni kwa ujira,
mmoja akamshika kifundo cha mkono,
akakikaza taratibu, kama mtoto mbele ya sindano.
Alirudi nyumbani na harufu vidoleni
na neno moja: "Alinijua."
Baada ya samaki, nyama. Baada ya nyama, mayai.
Maziwa yaliondoka bila kuaga.
Mama yangu alisema ni jini; jirani, ni ubahili.
Mimi sikusema. Nilikula mbaazi za nazi, mtsunga,
muhogo wa kuchemsha, na nikanenepa.

Mwaka jana akaanza kusikia baridi.
Malindi! Mwezi wa pili! Bati linalia kwa jua
naye kajifunga leso juu ya leso.
Akasahau sufuria motoni,
akasahau jina la shemeji yake,
akasinzia akichambua mchele,
vidole vimezama ungoni.
Tukasema ni mimba. Na mimba ilikuwepo kweli,
ndiyo maana hatukutafuta jingine.
Mkufu wa shanga ndio uliosema:
tundu la mwisho, kisha kipande cha uzi,
kisha msumarini, ukutani.

Bi Swafiya wa zahanati alimpa kikombe cha maji.
"Meza." Akameza, na pale kooni
kitu kikapanda, kikashuka,
kama ndoo kisimani.
"Samaki?" Hali.
"Mayai? Maziwa?" Hali, hanywi.
"Sikulaumu, mwanangu. Mwenye kuacha ana haki ya kuacha.
Ila ukimfukuza mgeni,
uliza kwanza alikuwa amekubebea nini."
Kisha akanigeukia mimi:
"Na chumvi yenu, baba, ni ipi?"

Kinyozi hajinyoi, walisema wa kale.
Lakini mimi nilinyoa nchi nzima
nikamwacha mmoja,
na mmoja huyo alikuwa wawili.

Akaandika dawa, akaandika damu ipimwe,
akatuonya na mwani: msijichotee ufuoni kwa pupa,
kupungukiwa ni shimo, kuzidi nako ni shimo.
Chumvi ifunikeni. Itieni chungu kikishaipuliwa,
maana madini hayo huruka na mvuke.

Jioni nilisimama dukani kwa Basharahili.
"Chumvi, pakiti moja."
Akacheka mpaka akashikilia mzani.
"Wewe? Wewe wa Gongoni?"
Nikalipa. Njiani nikasoma tarehe nyuma ya pakiti.
Siku ile nilikuwa zamu.

Mbodze akaionja kwa ncha ya kidole.
"Ni ileile," akasema.
Ni ileile. Alichokosa hakina ladha,
hakina harufu, hakina mikono ya kukushika.
Bahari nzima iko pale nyuma ya minazi, inanguruma,
nasi twaipima kwa kijiko cha chai
juu ya kunde zilizokwisha kuiva.

Mkufu ungali msumarini.
Usiku huweka kiganja shingoni mwake,
si kumbembeleza, kupima.
Hukiacha hapo kidogo, kisha hukishusha tumboni.
"Na huku," huniambia.